Dola ya Sultani: sarafu ya Kimarekani inayotuhusu sisi watu wa pwani

Assalam aleykum ndugu zangu, na wazee wangu shikamooni. Nimeombwa nizungumze kuhusu minada ya sarafu adimu za Kimarekani, zile ambazo kila siku mnaona watu wanarushiana kwenye magrupu kwamba sarafu moja imeuzwa mabilioni ya shilingi, na najua wengi mmekuja na swali moja tu, kwamba inakuwaje mtu mwenye akili zake timamu atoe hela zote hizo kwa kipande cha fedha kinachoenea kiganjani. Nitalijibu, ila nitalijibu kwa sarafu moja, kwa sababu hiyo moja inatugusa sisi kuliko nyingine zote, na mimi inaniuma kweli kweli kwamba watu wa Texas na New York wanaijua habari yake vizuri kuliko vijana wa hapa Unguja.

Ni dola ya fedha yenye mwaka 1804. Agosti 2021 moja ya dola hizi ilipigwa mnada Marekani na kampuni ya Stack's Bowers ikaenda kwa dola milioni 7.68, na kwenye katalogi za mnada ina jina lake kabisa, inaitwa ya Sultani wa Muscat, ule mji wa Omani. Sultani gani? Seyyid Said bin Sultan, huyo huyo aliyehamishia makao yake hapa, huyo huyo wa mikarafuu.

Nianze na sarafu yenyewe ilivyo. Upana wake unakaribia milimita 40 na uzito kama gramu 27, upande mmoja kuna sura ya mwanamke anayewakilisha Uhuru, nywele zimefungwa utepe, nguo imemlegea kifuani, nyota 13 zimemzunguka na chini kuna ule mwaka, na upande wa pili kuna tai kashika mishale mguu mmoja na tawi la mzeituni mguu wa pili. Fedha safi iliyomo ndani ni gramu 24 hivi, haifiki hata wakia moja, kwa hiyo sonara akiiyeyusha haambulii kitu cha maana. Milioni saba zote zile zimekaa kwenye habari yake, na habari yenyewe inaanza na jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unashangaa, nalo ni kwamba sarafu hii haikutengenezwa mwaka 1804. Ilitengenezwa miaka 30 baadaye.

Ilikuwa hivi. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Portsmouth, New Hampshire, anaitwa Edmund Roberts, alikuja Unguja na meli miaka ya 1820 mwishoni kutafuta biashara, akakuta mambo magumu, maana wakubwa wa hapa ndo waliokuwa wanaamua auze kwa nani na anunue kwa nani. Mwaka 1828 Seyyid Said alikuwa yuko hapa Unguja, Roberts akapata nafasi ya kuonana naye akalalamika, na Seyyid naye alikuwa anaitaka biashara ya Wamarekani kwa sababu hakutaka kuwategemea Waingereza peke yao, basi wakaongea habari ya mkataba. Roberts akarudi kwao, akamwandikia rafiki yake Levi Woodbury, na huyo Woodbury baadaye akaja kuwa waziri wa jeshi la majini chini ya Rais Andrew Jackson, hapo mambo yakafunguka. Mwaka 1832 Roberts akatumwa kama mjumbe wa Rais, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukasainiwa Muscat. Ushuru asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa, basi, na mfanyabiashara wa Kimarekani ana ruhusa ya kuuza na kununua. Zile meli za Salem, bandari ya Marekani, zilizojaa hapa baadaye kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita amerikani, vyote hivyo vimepita kwenye mlango uliofunguliwa na mkataba ule.

Sasa Roberts aliporudi Marekani 1834 alisema wazi kwamba huwezi kwenda mbele ya wafalme wa mashariki na zawadi za ovyo. Serikali ikakubali, na Novemba 1834 waziri wa mambo ya nje, John Forsyth, akaagiza kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kitengeneze seti nzima ya sarafu za nchi yao, moja moja ya kila aina, kwa ajili ya zawadi. Hapo mafundi wa kiwanda wakapata mtihani. Dola ya fedha ilikuwa bado ipo kwenye sheria, lakini ilishaachwa kutengenezwa tangu 1804 kwa sababu kila wakizitoa wafanyabiashara wanazibeba wanazipeleka nje ya nchi. Wakafungua madaftari ya zamani, wakakuta imeandikwa mwaka 1804 zilitoka dola 19,570. Wakasema basi tuandike 1804, mwaka wa mwisho. Kitu ambacho daftari halikusema ni kwamba zile 19,570 zilipigwa kwa vyuma vya chapa vya miaka ya nyuma, maana enzi hizo chuma cha chapa ni kazi kukitengeneza na hakitupwi mpaka kivunjike. Kwa hiyo dola iliyoandikwa 1804 ilikuwa haijawahi kuwepo duniani mpaka ilipotengenezwa kwa ajili ya kupewa Sultani wetu na Mfalme wa Siam, ndo Thailand ya leo.

Na ushahidi upo kwenye sarafu yenyewe, hili mimi ndo linanifurahisha kuliko yote. Ukiangalia kwa lensi, ukingo wake umesimama sawasawa na umezungukwa na vitone kama shanga, kazi ya mashine za miaka ya 1830, mwaka 1804 kiwanda kile hakikuwa na uwezo huo. Halafu igeuze uangalie ubavuni, kuna maandishi yanayosema senti mia ni dola moja, lakini herufi zimebonyea, zimepondeka, kwa sababu ziliandikwa kwanza halafu sarafu ikabanwa ndani ya pete ya chuma wakati wa kupigwa chapa, na pete ikazikandamiza. Yaani sarafu inasema mwaka mmoja usoni na mwingine ubavuni.

Roberts akapanda manowari ya Peacock mwaka 1835 na zawadi zake: upanga wenye ala ya dhahabu, ramani ya Marekani, bendera, bunduki, taa za kioo, na hiyo seti ya sarafu. Meli ikapita hapa Unguja Septemba, ikaendelea kuelekea Muscat, na huko njiani ikapanda mwamba kwenye kisiwa cha Masirah, ikabidi watupe mizinga baharini ili meli iwe nyepesi, na Roberts mwenyewe akaenda Muscat na mashua ndogo kuomba msaada. Seyyid Said akawasaidia, na ile mizinga baadaye aliitoa baharini akawarudishia. Mwanzoni mwa Oktoba 1835 zawadi zikamfikia. Roberts akaendelea mpaka Siam akatoa seti ya pili, na Juni 1836 akafia Macau, kwa hiyo seti nyingine zilizokuwa zimepangiwa Cochin-China, yaani Vietnam ya leo, na Japani hazikufika.

Sasa turudi kwenye mnada. Wakusanyaji walipokuja kugundua, miaka ya 1840, kwamba kuna dola ya 1804 na hakuna mtu mwenye nayo mfukoni, wakawa kama wamepagawa. Kuna mkusanyaji wa Salem, Matthew Stickney, mwaka 1843 alikwenda kiwandani akabadilishana sarafu zake akapewa moja. Halafu kuanzia 1858 wafanyakazi wa kiwanda wenyewe wakaanza kutengeneza nyingine kwa siri ili wauze, moja waliipiga juu ya sarafu ya Uswisi na mpaka leo alama za Uswisi zinaonekana kwa chini, ipo kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Kwa miongo mingi zote pamoja zilihesabiwa 15, nane za kundi la kwanza la enzi za zawadi na saba za wale mafundi. Na hata hizo za mafundi zina bei yake, mwaka 2009 moja iliuzwa dola milioni 2.3.

Ya Sultani ilivyovuka kutoka Muscat mpaka Ulaya hakuna hati iliyoonekana. Inaibuka kwa mkusanyaji mmoja wa Liverpool anaitwa Watters, ikauzwa London 1917, ikaenda Marekani, ikapita mikononi mwa wakubwa wachache, ikakaa kwenye familia ya Childs miaka mingi. Mwaka 1999 ikapigwa mnada ikafika dola milioni 4.14, na hakuna sarafu yoyote duniani iliyokuwa imewahi kufika hapo mnadani. Waliopima hali yake waliipa 68 kwenye kipimo kinachoishia 70, hakuna dola nyingine ya 1804 iliyoifikia. Lakini lile pengo kati ya 1835 na Liverpool bado lipo, na wataalamu wanaiunganisha na Sultani kwa dalili tu, kwa kuondoa zile ambazo njia yake inajulikana. Seti ya Siam ndo bahati yake ilikuwa nzuri, ilijitokeza London mwaka 1962 bado iko kwenye kasha lake la ngozi ya njano, tena wakati huo huo watafiti wawili, Eric Newman na Kenneth Bressett, walikuwa wanakaribia kutoa utafiti wao kwamba dola hizi zilitengenezwa kwa ajili ya zawadi. Hebu fikiria unamaliza kazi ya miaka na ushahidi wako unaingia ukumbini kwa miguu yake.

Jamani, mnada wenyewe unavyokwenda nao mnapaswa kuujua. Pale soko la samaki bei aliyoitaja mnadi ndo unayolipa, unatoa hela unabeba samaki wako. Kule nyundo ikigonga kwenye milioni 6.4 unaongezewa asilimia 20 ya kampuni ya mnada, ndo ikafika ile 7.68. Na mwenye mali anaweza kuweka bei yake ya chini kimya kimya, isipofika hauzi. Sarafu hii hii Mei 2016, ikiwa kwenye mkusanyo wa familia ya Pogue wa Texas, dau pamoja na ile asilimia ya kampuni lilipita dola milioni 10, ukumbi mzima umeshika pumzi, na haikuuzwa, mwenyewe alitaka zaidi. Miaka mitano baadaye ikaenda kwa ile 7.68. Kwa hiyo mtu akikwambia sarafu adimu inapanda bei tu haishuki muulize kuhusu hii. Na miezi miwili kabla yake, Juni 2021, dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1933 iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 18.9, hiyo nayo ilipitia kwa Mfalme Farouk wa Misri na ina mkasa wake, siku nyingine inshallah.

Baada ya hapo watu waliuliza maswali, nitaandika mawili.

Kijana mmoja alisema sasa ustadh, kama mwaka wake ni wa uongo si ina maana ni feki? Nikamwambia hapana mwanangu, feki ni ile inayotengenezwa na mtu asiye na haki ya kuitengeneza, hii imetoka kiwanda cha serikali kwa amri ya serikali. Na sisi watu wa hapa ndo wa mwisho kushangaa, kwa sababu riale tulizokuwa tunatumia, zile za Maria Theresa wa Austria, zote zimeandikwa 1780 mwaka aliokufa yule malkia, na ziliendelea kutengenezwa miaka na miaka na ule ule 1780, babu zetu walikuwa wanaangalia uzito na nakshi, mwaka hawana habari nao. Feki za dola ya 1804 kweli zipo, tena nyingi mno, zinauzwa kama mapambo, kwa hiyo mtu akikuletea moja anakwambia imetoka kwenye sanduku la mzee wake usikimbilie kutoa hata shilingi.

Mama mmoja akauliza anazo riale na pesa za Sultani Barghash nyumbani, zimekuwa nyeusi, azisafishe na nini. Nikamwambia mama yangu usizisafishe kabisa, wala ndimu, wala majivu, wala dawa ya meno. Ule weusi umekuja wenyewe taratibu kwa miaka mingi na mkusanyaji anautaka hivyo hivyo, ukisugua unaacha mikwaruzo midogo midogo ambayo mtu mwenye lensi anaiona palepale na bei inashuka vibaya, na ngozi ya sarafu ikishatoka hairudi. Zishike kwa ukingoni, ziweke kila moja kwenye karatasi yake sehemu kavu, na muhimu kuliko yote, mkalishe mzee yeyote aliye hai kwenye familia aseme zimetoka kwa nani na zimefikaje hapo nyumbani, uandike na jina lake na tarehe. Akaniambia mzee yupo, ni shangazi yake, ana miaka tisini na kitu na akili zake zote. Nikamwambia basi nenda leo, usingoje wiki ijayo.