Mshumaa, Moshi na Jina la Mtu Mwingine

Ndugu zangu, tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru, na anayetibu tunamwita mganga. Leo nalitumia neno uchawi kwa upana wake: kazi ya nia, moto, mimea na maneno. Ndivyo wanavyolichukua wafuasi wa Wika, dini iliyojitokeza hadharani Uingereza baada ya sheria ya uchawi ya mwaka 1735 kufutwa mwaka 1951. Kanuni yao mashuhuri yasema kwamba mradi humdhuru yeyote, fanya upendalo. Wengi hushika hilo la upendalo, sharti wakalisahau, na sharti lenyewe linaanzia kwenye kiberiti.

Chukua mshumaa. Kata utambi ubaki kama nusu sentimita. Ukiwa mrefu, mwali hupanda, masizi hujaa, na glasi huweza kupasuka. Simamisha mshumaa kwenye sahani ya udongo au ya bati yenye mchanga, mbali na pazia na mikono mipana ya nguo. Kosa linalorudiwa sana ni kuupaka mafuta kisha kuuvingirisha kwenye majani makavu. Tazama kinachotokea: nta inayeyuka, jani moja linateleza hadi kwenye mwali, linanyonya nta, nalo linawaka. Sasa una tambi mbili. Punde ni tano, na dimbwi zima la nta limeshika moto. Hapo usimwage maji hata kidogo! Maji huzama chini ya nta, hugeuka mvuke ghafla, na kuirusha nta inayowaka usoni mwako. Funika kwa kifuniko cha sufuria, kisha usikifunue mpaka kila kitu kipoe. Ukitaka majani, yawekee bakuli lake pembeni; nia haipungui kwa umbali wa sentimita 30. Na kazi ya siku saba haikuamuru ulale mshumaa ukiwaka. Washa saa moja kila siku, zima, kesho washa tena kwa maneno yaleyale.

Moshi una hatari yake, nayo haionekani. Vidonge vya mkaa vya kufukizia hutiwa shura ili vishike moto upesi. Weka mchanga wa sentimita 3 ndani ya chetezo kabla ya kaa, la sivyo kitako kitaunguza meza. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, tena ubani unakufanya uhisi hewa ni nzuri. Fungua dirisha na mlango. Wapo wanaopata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu wakadhani kazi imeshika. Hiyo ni sumu: toka nje mara moja, na wenzako watoke pia. Ukimaliza, zamisha kaa kwenye maji. Kaa lililovaa majivu meupe huweza kuwa moto bado.

Kwenye mimea nitasema kwa ukali kidogo. Marhamu za kale za Ulaya za "kuruka", zilizosemwa humrusha mchawi angani, huhusishwa na beladona, mmea wa sumu, na jamii zake. Sumu za atropini na skopolamini zilizomo hupenya ngozi, na wingi wake hutofautiana mche kwa mche, hivyo hakuna kipimo cha nyumbani cha kutegemea. Usiiguse. Mafuta makali ya mimea yasipakwe yakiwa matupu: matone 6 kwa mililita 30 za mafuta laini ni kama asilimia 1, nayo yatosha. Ya bagamoti, tunda la jamii ya limau, huweza kuunguza ngozi ikipigwa jua. Mawe nayo msiyaloweke kwenye maji ya kunywa ovyo. Malakiti ina shaba, sinabari ina zebaki.

Sasa tuje kwenye jina la mtu. Kumtilia mtu kitu kwenye chakula ili akupende, hata ukakiita dawa ya mapenzi, ni kumlisha asichokubali, na mwili wake ndio utakaolipa. Kumfanyia kazi bila kumwomba ruhusa, hata ya kumponya, ni kumwamulia. Mwulize. Akikataa, elekeza nia kwako mwenyewe: uombe ujasiri wa kuzungumza naye, au subira ya kumwacha. Mgonjwa aendelee na dawa za daktari bila kukosa dozi. Kazi yako ikae pembeni yake. Anayekwambia umelogwa kisha bei ikapanda kila ukirudi, anauza hofu. Ukiwa umelewa au una hasira, ahirisha. Ukikesha siku tatu ukisikia sauti, acha kazi zote umwone daktari.

Mwisho ni daftari. Kabla ya kuwasha, andika tarehe, nia kwa sentensi moja, vitu na kiasi chake, na utakachohesabu kuwa jibu. Andika kabla, kwa sababu baada ya tukio akili hupenda kulazimisha kila jambo lifanane na ombi. Rudi baada ya siku 30, utie alama ya ndiyo au hapana, na pembeni uandike ulichofanya kwa mikono yako katika siku hizo: barua ulizotuma, deni ulilolipa, msamaha ulioomba. Ukurasa wenye nia bila chochote pembeni, usiurudie kabla ya kuijaza nafasi hiyo.