Hoteli Inayodaiwa na Kampuni Dada

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uhasibu, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum wanangu. Na nyinyi wazee mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Nianze na karafuu, maana hapa hakuna asiyeelewa. Karafuu ya magendo hupakiwa usiku, huvushwa Mombasa, na anayekamatwa anajua kosa lake. Faida ya hoteli kubwa huvuka mchana kweupe, ina mkataba na muhuri, na mara nyingi hakuna sheria iliyovunjwa. Leo tufuate njia yake moja: mkopo.

Chukulieni kampuni ya nje inajenga hoteli ya dola milioni 10 pwani ya Kiwengwa. Ingeweza kuzitia zote kama mtaji. Inatia milioni 1 tu. Zile 9 hoteli inakopeshwa na kampuni dada, iliyosajiliwa nchi yenye kodi ndogo, kwa riba ya asilimia 10. Fedha ni za ukoo mmoja, zimetoka mfuko wa kulia zikaingia wa kushoto, lakini kila mwaka hoteli inadaiwa riba ya dola 900,000.

Shikeni kalamu. Faida kabla ya riba ni milioni 1. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo tungetarajia 300,000. Lakini riba ni gharama, hutolewa kwanza. Inabaki 100,000, kodi yake 30,000. Ongezeni kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla fedha hazijatoka, asilimia 10 ya ile riba, 90,000. Jumla 120,000. Gawio, yaani faida wanayogaiwa wenye hisa, halipati upenyo huu, kwani hulipwa baada ya kodi. Ndiyo maana deni linapendwa.

Sheria haikulala. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, inayotumika pande zote mbili za Muungano, ina kipimo kwa kampuni zilizo mikononi mwa wageni: deni 7 kwa mtaji 3. Kwa mtaji wa milioni 1, deni ambalo riba yake inakubalika kutolewa kama gharama ni kama milioni 2.33 tu. Pigeni hesabu upya: ile kodi ya 30,000 inapanda kufika karibu 230,000. Mstari mmoja wa sheria! Na bado ipo ada ya kutumia jina la kampuni mama, ada ya usimamizi, na vifurushi vya safari ambavyo mtalii amevilipia Ulaya kabla hajapanda ndege. Kila kimoja kiulizeni: mtu baki, asiye wa ukoo huo, angelipa bei hii?

Jopo la Afrika la kuchunguza fedha zinazotoroshwa, lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilisema mwaka 2015 kwamba fedha zinazotoroshwa Afrika zinazidi dola bilioni 50 kwa mwaka, na sehemu kubwa hupitia biashara, kuliko hata rushwa. Sisi kwetu hizo ni skuli, ni dawa Wete na Mkoani. Inaniuma, sifichi.

Niliwahi kukagua hesabu za hoteli moja, siitaji. Miaka yote hasara, na kila baada ya msimu inaongeza vyumba. Hasara gani inayojenga? Jibu lilikuwa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, kwenye maelezo ya miamala na kampuni za ukoo. Waliotangulia kuzikagua waliishia mstari wa faida.

Karatasi nilizokugaieni zina hesabu za mfano. Rukeni kurasa zote za mbele, fungueni ya mwisho, mniambie nani kamkopesha nani.