Acheni kupima safari ya baridi kwa kilomita

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika, na poleni na foleni. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya safari ya gari mashariki mwa California mwezi Desemba, jangwa kwanza, halafu milima ya theluji. Viza na tiketi siongelei, hayo yana watu wake. Mimi nina wimbo wangu ule ule, na naona wanaonijua wameshaanza kucheka: kilomita.

Mtu wa Dar hahitaji kufundishwa kwamba Posta hadi Mbezi haipimwi kwa kilomita. Lakini mtu huyo huyo akifungua ramani ya Marekani, busara yote inamtoka. "Kumbe karibu tu!" Karibu wapi?

Nililetewa ratiba moja hapa mjini, imechapwa vizuri, ina rangi. Asubuhi Death Valley, kule jangwani, usiku kulala Yosemite Valley, upande wa pili wa milima. Nikamuuliza mwenyewe, mlima utauvukia wapi? Akaweka kidole Tioga Pass, njia ya juu inayokatiza milima hiyo. Desemba! Jamani, Tioga iko mita 3,031 juu ya usawa wa bahari. Barabara ile kwa kawaida hufungwa Novemba na kufunguliwa Mei au Juni. Mwaka 2023 theluji ilikuwa nyingi mno, ikafunguliwa Julai 22. Akaniambia, "Nitakwenda polepole." Polepole unapita wapi, na lango limefungwa? Atakayetaka kufika upande wa pili sharti auzunguke mlima: ashuke kusini apite Bakersfield, au apande kaskazini kuelekea Lake Tahoe, ambako nako dhoruba ikipiga barabara husimamishwa. Hiyo ni siku nyingine nzima, na hoteli ya Yosemite ameshailipia.

Kwa hiyo pimeni kimo. Badwater, huko huko Death Valley, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ukishika barabara namba 190 kwenda mji wa Lone Pine, unapanda mlima kwenye Towne Pass, mita 1,511, unashuka bonde la Panamint, halafu unapanda tena. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5. Umetoka na fulana, ukifika mji wa milimani wa Mammoth Lakes, karibu mita 2,400, unatafuta koti kwenye buti kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Pimeni na mwanga. Sisi tumezoea jua la saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Kule mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa milima ile, Sierra Nevada, iko magharibi yako, kivuli cha mlima hukufikia mapema zaidi. Maji ya theluji yaliyoyeyuka mchana huganda tena juu ya lami, na taa za gari hazikuonyeshi. Saa kumi uwe umeshafika unapolala. Sibishani na mtu juu ya hilo.

Najua kuna mzee hapa anajisemea, "Mimi nimeshuka Kitonga na lori, na huko nitakodi gari linalovuta matairi yote manne." Hongera, mzee wangu. Gari hilo litakusaidia kuondoka. Kusimama juu ya barafu ni kazi ya matairi, na matairi manne yanateleza kama mawili. California wana alama za barabarani za kudai cheni, zile zinazofungwa kwenye matairi wakati wa theluji: kwenye alama ya R2, gari la namna hiyo lenye matairi ya theluji husamehewa kuzifunga, lakini lazima liwe nazo ndani. Kwenye R3, iliyo kali zaidi, hasamehewi mtu. Na usome mkataba wa kukodi, maana kampuni nyingine hukataza cheni kwenye magari yao. Uliza kabla hujalipa.

Mwingine atasema jangwani angalau hakuna mvua. Agosti 2023 masalia ya kimbunga Hilary yalibomoa barabara za Death Valley, hifadhi ikafungwa takriban miezi miwili, na pale Badwater pakawa ziwa. Taarifa ya barabara inasomwa kila asubuhi, kabla ya chai.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, upesi: mafuta jaza kabla ya kuingia jangwani, ndani ni ghali na vituo ni vichache. Mtandao wa simu hupotea, pakua ramani mapema. Maji na blanketi viwe ndani ya gari. Na kule wanaendesha kulia. Bima nilitaka kuizungumzia kwa kirefu, haiwezekani tena. Mwenye ratiba yake mkononi aje nayo mbele, tuanze na vimo.