Tuanze na Aliyeshika Nafasi ya Pili

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, umeandikwa kama ulivyozungumzwa)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Shehe, walimu, mama zangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliotoka Lindi, poleni na safari, karibuni.

Nilipoombwa nizungumze juu ya farasi, wenzangu walicheka, na sikuwalaumu. Kusini hii farasi utamtafuta sana. Mbung'o hana utani na mnyama huyu. Mwaka 1866 Livingstone aliteremka hapo Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, akitaka kujua ni mnyama gani atahimili kuumwa na mbung'o. Wakamfia njiani. Na hata jibu hakulipata sawasawa, kwa sababu wale aliowakabidhi wanyama waliwatesa mno, ikawa hajui amlaumu mdudu au binadamu.

Lakini ubishi wa farasi tunao. Pita jioni kwenye vibanda vya kubeti, utasikia kijana anaapa kwamba namba nne yuko kwenye fomu. Nilimalize hili mapema: farasi wengi wa kwenye zile skrini ni picha za kompyuta. Mshindi anatolewa na programu kwa bahati nasibu. Hana mama, hana kocha, hana goti linalouma. Hiyo fomu ataitoa wapi? Ukikaa kumchambua unajichosha bure, na hela inakwenda.

Nitazungumzia farasi wa kweli, wa mbio zisizo na viunzi, wanaokimbia maili moja, yaani mita 1,609. Umbali huu una utamu wake. Mwenye kasi tupu, pumzi humkatikia mwishoni, na mwenye pumzi tupu huachwa kabla hajapasha moto. Ndiyo maana ubishi juu ya nani bingwa wa maili haumaliziki.

Sasa, fomu ni alivyo mnyama mwezi huu, na uwezo ni kule juu kabisa anakoweza kufika siku kila kitu kikikaa sawa. Watu huvichanganya. Farasi akishindwa leo, jioni wanasema hakuwa chochote. Na akishinda kwa mbali wanapagawa. Mimi nina swali moja tu ambalo huliuliza kabla ya mengine yote: nani alikuwa wa pili?

Nianze na mtu wetu, maana na binadamu wanakimbia maili. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, Filbert Bayi alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, mita 1,500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. Tunalijua wote hilo. Lakini mtazame aliyekuwa nyuma yake: John Walker wa New Zealand, ambaye naye siku hiyo aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun, akiwa wa pili! Mwaka uliofuata, Mei, Bayi akaweka rekodi ya maili kule Kingston, dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti huyohuyo Walker akakimbia 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Kwa hiyo mtu akikuambia Bayi alibahatisha kwa kukimbia mbele, usimjibu kwa kumsifu Bayi. Mjibu kwa Walker.

Tumrudie mnyama. Frankel, alizaliwa Februari 2008, mali ya Khalid Abdullah, kocha wake Henry Cecil, mpandaji Tom Queally. Mbio 14, ushindi 14. Wengi wakimtaja hukimbilia 2000 Guineas, mbio kubwa ya maili ya Newmarket, Uingereza, Aprili 2011. Alitoka kama mshale, nusu ya njia alikuwa amewaacha wenzake kwa mwanya ambao macho yanakataa, akashinda kwa urefu wa farasi sita. Wenyewe hupima hivyo, kwa urefu wa mwili wa farasi.

Mbio tamu sana kutazama. Lakini kama ushahidi, mimi huiweka chini kidogo. Wa pili alikuwa Dubawi Gold, farasi mzuri tu, ambaye hakuwahi kushinda mbio ya daraja la juu kabisa.

Ushahidi wangu ni farasi anaitwa Excelebration. Huyu maskini alizaliwa mwaka mmoja na Frankel. Walikutana mara tano, akapigwa mara tano. Sasa msikilizeni vizuri huyu mpigwaji. Frankel asipokuwepo, Excelebration alishinda Prix du Moulin Ufaransa mwaka 2011. Mwaka 2012 akashinda Jacques Le Marois kule Deauville. Na Oktoba 20, 2012, pale Ascot, akachukua Queen Elizabeth II, mbio kubwa ya maili, kwa urefu wa farasi watatu. Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, Frankel alikuwa anakimbia mbio nyingine, ya mwisho maishani mwake. Huyo ndiye farasi ambaye Juni ya mwaka huo Frankel alimwacha kwa urefu wa farasi kumi na mmoja kwenye Queen Anne. Kumi na mmoja! Kwa maili moja wakadiriaji huchukua kila urefu mmoja kuwa sawa na ratili mbili za mzigo, karibu kilo moja. Pigeni hesabu wenyewe ni mzigo gani mngemtwika Frankel ili wafike pamoja.

Lakini wa pili naye ana hila zake. Julai 2011 kule Goodwood, Frankel alikutana na Canford Cliffs, aliyekuwa ameshinda mbio tano mfululizo za daraja la juu, na mwezi uliotangulia alikuwa amemshinda Goldikova, farasi jike maarufu wa Ufaransa. Frankel akamwacha kwa urefu wa farasi watano. Vijana wakachora mnyororo: Frankel kampiga Canford Cliffs, Canford Cliffs kampiga Goldikova, basi Goldikova si kitu. Taratibu jamani. Canford Cliffs siku ile alipinda kuelekea kushoto mwishoni, na hakukimbia tena, alikuwa ameumia. Wa pili mgonjwa hapimi kitu. Na Goldikova wakati huo alikuwa na miaka sita. Alishakwisha kushinda Breeders' Cup Mile, mbio kubwa ya maili ya Marekani, mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010. Mnyororo wa namna hiyo ni kama kununua korosho kwa kutazama gunia bila kupasua hata moja.

Kasi nayo ina neno. Kwenye mbio ya St James's Palace ya 2011, Frankel alipelekwa mapema mno kumfuata mweka kasi, akachukua mwanya mkubwa kwenye kona, halafu mwishoni mwanya ukaanza kuliwa. Zoffany alifika hadi robo tatu ya urefu. Kwa karatasi, hiyo ndiyo mbio yake mbaya ya maili. Uwezo haukupungua. Mpandaji alitumia pumzi mahali pasipo pake.

(Hapa mzee mmoja aliuliza kuhusu alama wanazopewa farasi.)

Asante, mzee wangu. Shirika la Timeform lilimpa Frankel 147, ikampita Sea-Bird aliyekuwa na 145. Kwenye orodha ya kimataifa alipewa 140. Hapo pana kichekesho: Dancing Brave wa 1986 alikuwa na 141, na Januari 2013 wakubwa wakakaa, wakapitia upya alama za zamani, Dancing Brave akashushwa hadi 138. Farasi aliyekwisha kufa ameshuka kiwango! Walikuwa na hoja zao, kwamba alama za miaka ile zilitolewa kwa mkono mpana. Mimi nasema alama ni maoni ya watu wenye kalamu nzuri. Zitumie, usizisujudie.

(Swali kutoka nyuma: vipi Baaeed?)

Ndiyo, Baaeed, farasi wa kocha William Haggas. Alishinda mbio kumi mfululizo, kisha Oktoba 2022 akawa wa nne kwenye Champion Stakes. Kesho yake watu wakaanza kumvua mataji. Ile haikuwa mbio ya maili, ilikuwa ndefu zaidi, na uwanja ulikuwa umelainika. Kama unazungumzia maili, siku ile haikuhusu.

(Kijana wa Lindi: Frankel au Brigadier Gerard?)

Nilijua litakuja. Brigadier Gerard, mbio 18, ushindi 17, alipigwa na farasi mmoja tu, Roberto, York 1972. Nitumie kanuni yangu mwenyewe, hata kama inaniumiza. Kwenye 2000 Guineas ya 1971 Brigadier Gerard alishinda kwa urefu wa farasi watatu. Wa pili? Mill Reef. Mwaka huohuo Mill Reef alikwenda kushinda mbio kubwa nne: Derby, Eclipse, King George na Arc. Frankel hakuwahi kwenye maili kuwa na wa pili mzito kiasi hicho. Kwa hiyo ukinitaka mbio moja iliyo ngumu kuliko zote kuishinda, nakupa ile ya 1971. Ukinitaka farasi, namchukua Frankel, kwa sababu Excelebration alinipa kipimo mara tano, Mill Reef mara moja tu, maana hawakukutana tena. Wewe kama mara moja inakutosha, kaa na Brigadier wako, na mimi sitakupinga kwa sauti kubwa.