Neti ikikata, usikimbilie kupiga Windows upya

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Sogeeni mbele jamani, feni la huko nyuma limekufa.

Kuna mama kaniletea kompyuta toka Mikindani, kaipakia kwenye bajaji, fundi mmoja keshampigia Windows upya, hela kalipa, picha za harusi ya mwanae zimefutika zote na neti bado haipo. Mi nawasha, naangalia kwenye kona pale chini, tarehe inasoma 2009. Kumbe kile kibetri cha duara cha ndani, CR2032, kimekufa, kila akizima na kuchomoa umeme tarehe inarudi nyuma, na tovuti za siku hizi zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta ikidhani leo ni 2009 inaona cheti hakijaanza hata kutumika, inagoma kufungua. Neti ilikuwepo muda wote!

Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka huku kusini kwenda Dar ikakatika Somanga, mabasi yakakwama? Kuna mtu alifungua injini ya basi? Tuliuliza imekatika wapi. Na hapa ni hivohivo, unaanza karibu unaenda mbali.

Chukua simu, zima data (maana simu ina ujanja wa kuhamia kwenye bando kimyakimya), iunge waifai ileile. Ikifungua, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Ikigoma nayo, ni ruta au kampuni, sasa chomoa ruta umeme nusu dakika urudishe, na angalia salio, msicheke, bando likiisha waifai inaonyesha imeunga vilevile.

Kwenye kompyuta fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt), andika ipconfig. Ukiona namba inaanzia 192.168 mara nyingi ruta imeshakupa anwani. Ukiona 169.254 ujue kompyuta imekosa wa kuipa ikajipachika yenyewe, hapo kagua waya, na nyie wa Shangani mnaokaa karibu na bahari chumvi inakula vile vishaba vya kwenye plagi, mimi hiyo nimeikuta sio mara moja.

Afu andika ping 8.8.8.8, hiyo ni namba ya kompyuta ya Google huko nje, unaipigia hodi uone kama inajibu. Ikijibu, tarehe iko sawa na tovuti bado hazifunguki, mara nyingi shida ni DNS, ndo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, kwenye mipangilio ya neti sehemu ya DNS weka kwa mkono 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare uone.

Na kuna siku huna la kufanya. Mei hiyohiyo, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, watu wananipigia simu njoo uangalie kompyuta, nawaambia jamani hiyo inasubiri meli ya kuunga nyaya, sio mimi.

Haya, aliyekuja na laptop aiweke mezani hapa. Tunaanza na tarehe.