Kukaa au Kutokaa Eneo la Matetemeko: Kagua Ardhi na Nguzo

Mabibi na mabwana, mwaka 2010 yalipiga matetemeko mawili yaliyopishana kwa wiki sita hivi. La Haiti, Januari 12, lilikuwa na ukubwa wa 7.0 na liliua watu zaidi ya laki moja. La Chile, Februari 27, lilifikia 8.8, nishati yake takriban mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa kama mia tano, wakiwamo waliochukuliwa na tsunami. Ni kweli la Haiti lilipiga jirani kabisa na mji mkuu. Lakini Chile ilikuwa imejenga kwa kanuni za matetemeko na kuzisimamia. Haiti haikuwa imefanya hivyo. Kwa hiyo swali la "nihamie eneo la matetemeko au nisihamie?" ni pana mno. Uliza: kwenye kiwanja gani, ndani ya jengo gani, kwa miaka mingapi?

Tuanze na miaka. Ramani nyingi za hatari huonyesha mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kufikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50. Ukipiga hesabu, mpangaji wa miaka 5 anabeba kama asilimia 1, na anayenunua akae miaka 30 anabeba kama 6. Hiyo si hatari ya kufa, ni hatari ya kukutana na mtikisiko wa kiwango hicho. Kufa au kupona kunategemea zaidi ardhi na nyumba.

Ardhi laini hukuza mtikisiko. Mwaka 1985 tetemeko lililoanzia pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, liliangusha majengo ya jiji hilo kwa sababu sehemu kubwa imejengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Tope hilo liliyumba kwa mizunguko ya kama sekunde mbili, mwendo uliooana na ule wa majengo ya ghorofa 6 hadi 15, na hayo ndiyo yaliyoumia zaidi. Mchanga uliolegea na kujaa maji una balaa jingine: ukitikiswa hugeuka uji, nyumba ikazama au ikainama. Huko Christchurch, New Zealand, baada ya matetemeko ya 2010 na 2011, mitaa mizima ilihamishwa kwa sababu hiyo. Basi omba ripoti ya udongo, na usome mambo mawili: kina cha maji ya ardhini na aina ya udongo katika mita 15 hadi 20 za juu. Kiwanja cha kando ya mto au kilichojazwa kifusi, kitilie shaka hadi ripoti ikutoe shaka. Binafsi ningechagua nyumba ya chini juu ya mwamba kilomita 20 kutoka kwenye mpasuko wa miamba unaozaa matetemeko, kuliko ghorofa juu ya kifusi kilomita mia.

Sasa jengo. Simama barabarani utazame ghorofa ya chini. Je, ni maegesho au maduka ya vioo, nguzo tupu bila kuta, huku juu kumejaa kuta za tofali? Juu kutakuwa kugumu, chini kulegevu, na kuyumba kote kutaishia kwenye nguzo za chini. Katika tetemeko la Northridge, California, mwaka 1994, watu 16 walikufa ndani ya jengo moja lililobonyea namna hiyo.

Ndani ya nguzo, siri iko kwenye ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozunguka na kufunga nondo za wima. Ncha zake zinatakiwa zikunjwe nyuzi 135, mkia uingie ndani ya zege la katikati. Fundi mvivu hukunja nyuzi 90 tu. Tetemeko likipukutisha zege la nje, ringi hiyo hufunguka, nondo za wima hupinda, na nguzo hupasuka. Karibu na viungo vya nguzo na boriti ringi zikaribiane, kama kila sentimita 10. Hapo ndipo wengi hubania nondo. Jengo likishapigwa lipu huyaoni haya, hivyo dai michoro na picha za ujenzi, au mlete mhandisi mwenye kifaa cha kutambua nondo. Uliza pia mwaka wa kujengwa. Japani ilikaza kanuni Juni 1981, na mji wake wa Kobe ulipopigwa 1995, majengo yaliyofuata kanuni hizo yalistahimili vizuri zaidi kuliko ya kabla yake.

Ya ndani ni mepesi: kabati zifungwe ukutani, kila mtu wa nyumba ajue valvu ya gesi ilipo, na maji ya akiba yawe lita 4 kwa mtu kwa siku, angalau siku tatu.

Bima isome kwa makini. Sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe mara nyingi huhesabiwa kwa thamani ya nyumba nzima. Ikiwa ni asilimia 15 na nyufa zimekutia hasara ya asilimia 12, hulipwi kitu. Na muuzaji akikataa kutoa michoro, lihesabu jengo kama lisilo na ringi, kisha uamue kwa msingi huo.