Mchangishaji Alipwe Ujira au Asilimia?

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo mimi na Kaka Baraka tunaizungumzia kazi ya kuchangisha fedha za hisani kwa niaba ya wengine na kulipwa kwa kuifanya.

BARAKA: Ahsante, Dada Zuhura. Taaluma hii, kwa sura tunayoijua leo, ilikulia kwa kiasi kikubwa Marekani, ndani ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Mwaka 1905 Lyman Pierce, aliyekuwa akitafuta fedha za jengo la chama hicho mjini Washington, alikwama kabla ya kulifikia lengo, akamwita mwenzake Charles Sumner Ward. Mtindo wa Ward ulikuwa kampeni fupi yenye siku ya mwisho inayojulikana, makundi ya watu wa kujitolea yanayoshindana, taarifa magazetini, na saa kubwa iliyowekwa hadharani, ambayo mshale wake ulisogea kadiri michango ilivyoingia. Mwaka 1917 Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilifuata njia hiyohiyo kutafuta dola milioni 100 kwa wiki moja, na lengo likapitwa.

ZUHURA: Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ward na wenzake wakafungua kampuni, na hapo ndipo suala la malipo lilipojitokeza.

BARAKA: Naam. Mwaka 1935 kampuni za washauri wa uchangishaji ziliungana na kushikilia kwamba ada iwe kiasi kilichopatanwa mapema, wala isiwe fungu la kilichokusanywa. Chama cha wachangishaji wenyewe, kilichoundwa mwaka 1960 na ambacho leo kinaitwa AFP, bado kinakataza asilimia katika kanuni zake za maadili.

ZUHURA: Mimi nililielewa katazo hilo kabla sijalisoma. Nikiwa chuoni, nilichangisha likizo moja kwa ajili ya taasisi ambayo sitaitaja. Tulipewa beji na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na katika kila shilingi mia, thelathini zilikuwa zetu. Mama mmoja muuza vitumbua alifungua pindo la kanga, akatoa shilingi mia tano, akasema, “Watoto wapate kula.” Nikamwandikia risiti ya mia tano. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mia na hamsini hazingewafikia watoto.

BARAKA: Lakini taasisi changa isiyo na akiba italipaje mshahara kabla ya kukusanya chochote? Wanaotetea asilimia huanzia hapo, na hoja yao si ya kupuuzwa.

ZUHURA: Si ya kupuuzwa, ila inamtwisha mtoaji mzigo bila kumwambia. Tena inambadilisha mchangishaji. Ilipofika saa kumi jioni nami sijapata nauli, nilikuwa nawang’ang’ania watu waliokwisha kunikatalia kwa upole. Kulipwa kwenyewe hakuna aibu: aya ya 60 ya Suratut-Tawba inawataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa makundi manane yanayostahiki kupewa. Kinachonisumbua ni malipo anayofichwa mtoaji.

BARAKA: Mahakama Kuu ya Marekani imelipitia suala hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1988 ilibatilisha sheria ya North Carolina iliyoweka viwango vya ada inayofaa, kwa kuwa kuomba michango ni sehemu ya uhuru wa kusema. Mwaka 2003 ikaja kesi ya Illinois, ya wachangishaji wa simu waliobaki na senti 85 za kila dola iliyotolewa kwa ajili ya maveterani wa Vietnam. Majaji wote walikubaliana kwamba fungu kubwa peke yake si ulaghai, lakini anayemdanganya mtoaji kuhusu fedha yake inakokwenda anaweza kushtakiwa.

ZUHURA: Na anayenyamaza, kama nilivyonyamaza mimi?

BARAKA: Kwa Uingereza, sheria ya mwaka 1992 inamtaka mchangishaji wa kulipwa amweleze mtoaji jinsi anavyolipwa, wakati uleule anapomwomba.

ZUHURA: Basi ningelazimika kumwambia yule mama pale kwenye karai lake, kabla hajafungua pindo la kanga. Nadhani angenipa mia tatu na hamsini za watoto, kisha akanifungia vitumbua viwili vya kwangu.